Githurai Moja, Kaunti Mbili

Githurai 44 iko Kaunti ya Nairobi, Githurai 45 iko Kiambu. Mama mboga anayelala upande mmoja na kuuza upande wa pili hauoni mpaka wowote. Mimi mpangaji miji ndiye ninayeuona, maana ramani yangu hukatikia papo hapo. Bomba la majitaka nalichora hadi ukingoni mwa kaunti, halafu kalamu inasimama kusubiri ofisi nyingine, bajeti nyingine na bunge lingine la kaunti.

Mji wenyewe haukusubiri. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 Nairobi, lakini hesabu hiyo haiwaoni wanaojaza matatu kila alfajiri kutoka Ruaka, Rongai, Kitengela na Mlolongo, miji ya kaunti jirani. Nayo sehemu kubwa ya maji tunayokunywa hapa hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a.

Sheria inasemaje? Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti kazi ya kupanga maendeleo yao. Mwaka 2019 tukapata sheria mpya ya mipango na matumizi ya ardhi, ikafuta ile ya 1996 iliyotungwa kabla ya ugatuzi, yaani kabla kaunti hazijapewa madaraka yake. Nilifurahi, na bado naitetea. Inaruhusu kaunti jirani kuandaa mpango wa pamoja. Lakini kuruhusu si kulazimisha, na gavana mwenye miaka mitano ya kujionyesha kwa wapiga kura wake ana sababu chache za kujenga mtaro utakaomfaa mpiga kura wa mwenzake.

Kuna fundo jingine, ambalo wengi hawalitazami. Sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inakataza fedha za umma kutengwa nje ya mipango iliyopitishwa na bunge la kaunti. Kifungu kizuri mno, kinazuia miradi ya kushtukiza. Ila mpango wa pamoja usipoingizwa katika mpango wa miaka mitano wa kila kaunti husika, hauna senti. Kaunti moja ikiuingiza na nyingine ikauacha, bomba linajengwa nusu. Na ukiongeza kwamba sheria hiyo ya 2012 inadai mpango wa kaunti wa miaka kumi unaoonyesha ardhi itatumikaje, huku ile ya 2019 ikidai mpango wake wa matumizi ya ardhi, unakuta ofisi yenye wapangaji wachache ikiandika nyaraka mbili kuhusu ardhi ile ile.

Katika kikao kimoja cha maoni ya umma, mzee aliinua mkono akaniuliza, "Mwanangu, huu mtaro mwisho wake ni wapi?" Nilimwonyesha mpaka wa kaunti kwenye ramani. Akasema, "Hapo ndipo nyumbani kwangu." Niliona aibu, na swali lake silisahau.

Uchukuzi umepata mamlaka yake ya jiji na kaunti nne jirani tangu 2017, ingawa kwa agizo la rais, si kwa sheria ya Bunge. Maji, majitaka na ardhi vinahitaji zaidi ya hapo: Bunge liandike kwamba mahali mji umevuka mpaka, mpango wa pamoja ni lazima, kwamba ukishapitishwa unaingia moja kwa moja katika bajeti za kaunti zote husika, na kwamba mpango wa kaunti uwe mmoja unaotimiza sheria zote mbili, ya 2012 na ya 2019. Kifungu cha 189 cha Katiba tayari kinazitaka serikali zishirikiane na kinaziruhusu kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Hatuhitaji kura ya maoni kwa haya, marekebisho ya sheria yanatosha.