PS5 yako haijachoka, niachie hiyo mashine

Jumamosi kaja jamaa mwingine hapa Mwanjelwa, Mbeya, na PS5, ile mashine ya gemu ya Sony, kaifunga kwenye kitenge kama katoto, eti fundi nifungulie hii, imechoka, inakata kata sana nikiingia mjini. Mjini kwenye gemu yaani, akiwa porini inateleza, akiingia tu kwenye mji wenye watu na magari picha zinaanza kuruka. Huyo ni wa tatu mwezi huu. Nikamuuliza FC, ile gemu ya mpira, inachezaje? "Ah, FC haina shida kabisa." Sasa kaka, mashine iliyochoka inachagua gemu ya kuchokea?

Naandika hapa ili siku nyingine mtu akija nimtumie link nisiongee sana.

Kitu cha kwanza, sipotezi muda nacho. Gemu ya fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde inapewa milisekunde 16.7 kumaliza kila fremu, ya 30 inapewa 33.3. Humo ndani prosesa ifanye mahesabu yote, nani yuko wapi, gari gani inageuka, nani kapigwa risasi, halafu GPU, chipu ya kuchora picha, ichore. Ikichelewa hata kwa milisekunde moja, TV inakuonyesha tena picha ile ile iliyopita. Hiyo ndo unaita kukwama. Basi.

Sasa tuje kwenye kinachoniudhi, teraflopsi. Kila mtu siku hizi kameza namba, PS4 ina 1.84, PS5 ina 10.28, Xbox Series X ina 12.15, kwaiyo PS5 ni PS4 mara tano na ushee, kwaiyo gemu iliyokuwa 30 lazima iende 150. Nani kawaambia? Teraflopsi ni hesabu ambazo GPU ingeweza kufanya kama kila kona yake ingekuwa na kazi muda wote bila kusubiri chochote, na kwenye gemu ya kweli hiyo hali haipo, kuna kusubiri data itoke memori, kuna kusubiri prosesa iseme nichore nini.

We si ushapita Kitonga, ule mlima wa barabara ya Iringa? Una V8, mbele yako semi imebeba saruji inapanda kwa mwendo wa mtu anayeswaga ng'ombe, kona haionekani, huwezi kuovateki. Hapo V8 yako na Noah ya jirani mnafika juu saa moja. Ndo mjini kwenye gemu. Watu mia wanatembea, kila mmoja ana akili yake, prosesa ndo semi, GPU ipo nyuma inapiga honi. Na ndo maana nacheka mtu akiniambia anauza mazao anunue PS5 Pro ili mjini kusikate. Pro ilitoka Novemba 2024, GPU wameipandisha mpaka teraflopsi 16.7, ila prosesa ni ya familia ile ile ya Zen 2, kasi imeongezwa kidogo tu. Gemu inayokwama kwa kuchora itakushukuru, inayokwama kwa prosesa umebadilisha gari tu, Kitonga ni ile ile.

Mnataka ushahidi? Bloodborne ya 2015, iweke kwenye PS5, inacheza 30. Nguvu ipo ya kumwaga ila kodi yenyewe, yaani maandishi ya programu, imeandikwa isizidi 30, na apdeti ya kuondoa hicho kizuizi haijawahi kutoka. God of War ya 2018 ilipewa apdeti Februari 2021, ikaenda 60 kwenye PS5 hiyo hiyo. Na ile inayowachanganya zaidi, Elden Ring: ukiweka toleo la PS4 ndani ya PS5 inatulia kwenye 60 vizuri kuliko toleo la PS5 lenyewe, sababu la PS4 limebebeshwa mizigo michache. Mashine moja, kazi mbili tofauti.

Mi mwenyewe natengeneza kagemu ka simu, bajaji zinagombania abiria, ni mambo ya kujifunza tu. Zilikuwa bajaji 120 na simu inakwama vibaya mno. Nikapunguza grafiksi, wapi. Nikafuta vivuli, wapi. Nilipoweka profaila, programu ya kupima kila kazi inakula muda gani, ndo nikaona aibu yangu: kila bajaji, kila fremu, ilikuwa inaiuliza kila bajaji nyingine iko umbali gani. 120 mara 120, zaidi ya maswali elfu 14 kwa fremu moja, milisekunde 9 zimeenda na picha haijaanza kuchorwa. Nikagawa ramani viboksi, bajaji iulize walio kwenye boksi lake na la jirani tu, ikashuka chini ya milisekunde moja. Simu ile ile, picha haijabadilika hata nukta.

Na usidhani ni sisi wa uchochoroni tu. 2021 kuna mtu kwake nyumbani alichunguza kwa nini GTA Online ya kompyuta inachukua dakika sita kufunguka, akakuta kuna faili la maandishi la kama megabaiti 10, na kodi ilikuwa inalihesabu urefu upya kila ikisoma kitu kimoja, na vitu vyenyewe elfu 63. Akarekebisha, muda ukapungua kama asilimia 70, Rockstar, wenye gemu hiyo, wakamlipa dola 10,000. Miaka yote hiyo watu walikuwa wananunua kompyuta kubwa zaidi!

Ila nisijifanye najua kila kitu. Kuna siku nilibadilisha kitu kwenye kagemu kangu ikatulia, nikarudisha kodi ya zamani nihakikishe, ikaendelea kutulia. Mpaka leo nimenyamaza. Na mashine ina mwisho wake pia, Cyberpunk 2077 ilitoka Desemba 2020 ikiwa ovyo kwenye PS4 mpaka Sony wakaitoa dukani, ikarudi Juni 2021 imerekebishwa sana, lakini ile nyongeza ya 2023 PS4 haikupewa kabisa. Kuna mahali kodi nzuri inafika inakaa chini.

Nyingine, baridi ya Mbeya. Haiongezi kasi ya PS5, nawaomba. Kasi ya chipu pale inafuata kazi inayofanyika, haifuati joto la chumba, waliisanifu hivyo makusudi ili ya Kyela kwenye joto na ya huku Mwanjelwa zicheze sawa. Vumbi lisafishe, kelele zitapungua na itaishi, lakini fremu usizitegemee huko.

Halafu na mi nishawahi kuumbuka. Dogo mmoja alileta PS4, nikamwambia kwa kujiamini gemu ndo mbovu, kaa usubiri apdeti. Wiki mbili akarudi haiwaki kabisa, kumbe hadidiski, ile inayotunza gemu, ilikuwa inakufa taratibu. Nilimbadilishia kwa bei ya kununulia. Tangu hapo nauliza kwanza, ni gemu moja au zote?

Jamaa wa Jumamosi ilikuwa moja. Nikafungua seti za gemu, kumbe kawasha rei tresingi, ile ya kukokotoa mwanga unavyopiga kila kitu, ambayo watu wanadhani inakula GPU peke yake wakati prosesa nayo inabebeshwa. Nikaizima, nikaweka hali ya pafomansi, inayotanguliza kasi kuliko urembo wa picha, tukazunguka mji mzima. Ikatulia, ila pale sokoni kwenye umati bado iliyumba kidogo. Nikamwambia hapo pamebaki kwa walioitengeneza.

"Sasa fundi mbona hujafungua hata nati moja?"

Akasema ndaga, yaani asante, akaifunga kwenye kitenge chake, na nimesikia yuko kwa fundi wa Kabwe anafunguliwa.