Je, wajua kwa nini wanaanga waliruka-ruka mwezini badala ya kutembea?

Unapotembea duniani, mguu uliokanyaga hunyooka, kiwiliwili hupita juu yake, kisha hushuka kwenye mguu wa pili. Kinachokushusha ni mvutano wa dunia. Ukiongeza mwendo, mvutano huo hauwahi tena kukurudisha chini kwa wakati, nawe hujikuta unakimbia. Kwa mtu mzima hilo hutokea kwenye kilomita 7 hivi kwa saa.

Mwezini mvutano ni sehemu moja ya sita tu ya huo wa duniani. Hesabu tupu hushusha kikomo hicho hadi kilomita 3 kwa saa. Majaribio ndani ya ndege zinazoiga mvutano wa mwezi yalipata karibu 5, kwani mikono na miguu inayobembea husaidia kuukandamiza mwili chini. Ongeza suti ya Apollo, mpango wa Marekani wa kupeleka watu mwezini, iliyojaa oksijeni na ngumu kukunjika nyongani. Julai 1969 Buzz Aldrin alijaribu mitindo kadhaa mbele ya kamera, ukiwemo wa kuruka kwa miguu yote miwili kama kangaruu, lakini hatua ndefu za kuelea, mguu mmoja baada ya mwingine, zilimfaa zaidi.

Kuondoka ni rahisi. Kazi ipo kwenye kusimama. Mtu wa kilo 75 mwenye suti na begi la kilo 90 hukanyaga ardhi ya mwezi kwa uzito ambao hapa tungeuita kilo 27 au 28. Ila tungamo lake, yaani wingi wa maada, limebaki kilo 165 zilezile. Msuguano wa buti hufuata uzito, kasi ya kuzuiwa hubebwa na tungamo, hivyo breki inataka umbali mara sita. Ndiyo maana walianza kujizuia hatua kadhaa kabla.

Begi nalo huvuta mwili nyuma, kwa hiyo walisimama wameinama kidogo. Aprili 1972 Charlie Duke wa Apollo 16 aliruka juu kwa mzaha, akapinduka na kuangukia begi hilohilo lililobeba hewa yake. Aliponea chupuchupu.

Basi kwa nini kupeleka watu? Roboti ni nafuu na hazihitaji kurudi, hilo halina ubishi. Lunokhod 1, gari-roboti la Wasovieti, lilitembea mwezini kilomita 10 na ushee kwa miezi kumi hivi. Apollo 17, Desemba 1972, ilikwenda takriban kilomita 35 kwa gari ndani ya siku tatu, ikarudi na kilo 110 za mawe na udongo. Lakini umbali ni jambo dogo. Kwenye kasoko ya Shorty, buti za Harrison Schmitt, mwanajiolojia, zilitifua vumbi, naye akaona chini yake rangi ya chungwa. Muda wa kituo hicho ulikuwa mfupi. Yeye na mwanaanga mwenzake Gene Cernan walichimba mfereji, wakapiga picha, wakachota sampuli na kugongomea bomba ardhini kuchukua tabaka za chini. Zilikuwa chembe za kioo cha volkano chenye umri wa takriban miaka bilioni 3.6, na mwaka 2011 watafiti walipima maji yaliyonaswa ndani yake.