Simba anayetetemeka haponi kwa antibiotiki

Wiki hii nimetumiwa tena video ya simba anayetetemeka kando ya barabara ya hifadhini, na chini yake maneno yaleyale: "Madaktari mko wapi? Si mmchome sindano apone?" Mimi ni daktari wa wanyamapori, na swali hili nimeshaulizwa na madereva wa watalii, na jirani, na shemeji yangu. Safari hii aliyeuliza ni mwalimu wa baiolojia, na hapo uvumilivu ukaniishia.

Kwanza, kwa video siwezi kujua anaumwa nini. Simba hutetemeka kwa kichaa cha mbwa, kwa sumu iliyopakwa kwenye mzoga, kwa pigo la kichwa. Lakini kila mtu anataka kuzungumzia distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa ambao huwashika simba pia, kwa hiyo tuizungumze.

Mwaka 1994 virusi vya distempa ya mbwa viliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Walionekana wakianguka kwa degedege, wengine misuli ya uso ikirukaruka bila kukoma, wengine wakihema kwa nyumonia. Ugonjwa ukapanda hadi Maasai Mara. Fisi na bweha nao wakafa.

Sindano inayodaiwa ni ya antibiotiki, na antibiotiki huua bakteria. Distempa ni virusi, na hakuna dawa inayoviua ndani ya mwili wa mnyama. Mbwa wa nyumbani akiipata, tunamtundikia dripu, tunampa dawa ya kutuliza degedege na antibiotiki ya kuzuia bakteria wanaodandia mapafu yaliyokwisha kuharibika, na mwenye mbwa anamlisha kwa mkono wiki kadhaa. Bado wengi wanakufa, na baadhi ya wanaopona hubaki na mtetemo maisha yao yote.

Sasa huyo ni simba. Kila dozi ni bunduki ya sindano. Unampiga usingizi mnyama ambaye mapafu yake yamejaa na ubongo wake umevimba. Joto la mwili linapanda, na zipo dawa za usingizi zinazoweza kuchochea degedege lenyewe. Akizinduka lazima umlinde mpaka asimame, la sivyo fisi watamwahi. Kesho urudie. Keshokutwa urudie. Ukisema umtoe umweke bandani, utakuwa umewaletea virusi wanyama wengine wa kituoni, na siku ya kumrudisha huenda eneo lake limeshachukuliwa na madume wengine. Nimewahi kukaa juu ya gari nikimtazama jike mmoja kuanzia asubuhi hadi jua kuzama, bunduki ikiwa tayari mapajani, na sikuifyatua. Usiku ule sikulala. Asiniambie mtu kwamba hatujali.

Linaloniudhi zaidi ni upande wa pili, wale wanaosema distempa ikiingia basi simba wamekwisha. Si kweli. Damu ya simba iliyohifadhiwa miaka mingi ilipopimwa, ilionekana virusi hivi vilikwisha kupita Serengeti na Ngorongoro mara kadhaa bila mtu kugundua, kwa sababu hakukuwa na vifo vya kushtua. Simba waliambukizwa, wakapata kinga, maisha yakaendelea. Tofauti ya 1994 ilikuwa nini? Ukame wa 1993. Nyati walidhoofika, wakajaa kupe, wakawa mawindo rahisi. Simba wakawala, kupe wakawahamia, na kupe hao hubeba babesia, vijidudu vinavyoishi ndani ya chembe nyekundu za damu. Simba kwa kawaida huwa nao kidogo na hawamdhuru. Distempa ilipobomoa kinga ya mwili, babesia wakafurika. Vifo vikaja kwa magonjwa mawili kukutana. Mwaka 2001 yakajirudia katika kreta ya Ngorongoro, tena baada ya ukame.

Hapa ndipo ninapokuwa na wasiwasi ambao vitabu vyangu vya chuo havikuniandaa nao. Babesia wana dawa, na ni sindano. Je, ukame mkali ukiingia na nyati wakaanza kuanguka, tusubiri distempa ifike, au tuwatibu simba babesia mapema? Kwenye eneo dogo kama kreta naona inawezekana. Serengeti nzima, hapana. Nimelibishania jambo hili na wenzangu ninaowaheshimu sana, na tumeachana bila kukubaliana.

Kuhusu chanjo nitaenda haraka. Kwa kichaa cha mbwa sina shaka yoyote: ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa vijijini, ugonjwa unakatika kwa mbwa, kwa watu na kwa wanyamapori, kwa kuwa mbwa ndiye anayeuweka hai. Distempa ni ngumu zaidi. Mbwa wanaozunguka Serengeti wamechanjwa kwa miaka mingi, maambukizi kwao yakapungua, lakini simba wakaendelea kuambukizwa. Maana yake wanyamapori wenyewe huenda wanapokezana virusi hivi. Kuwachanja simba moja kwa moja? Chanjo ya virusi hai vilivyodhoofishwa iliwahi kuua vicheche wa miguu myeusi huko Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ilisababisha ugonjwa uleule iliotakiwa kuuzuia. Zipo chanjo salama zaidi siku hizi, ila mlengaji na bunduki bado ni walewale.

Kwa hiyo ukimwona simba wa namna hiyo, usishuke garini. Andika mahali na saa, piga picha za karibu za macho na pua kwa kamera, mpelekee askari wa hifadhi siku hiyohiyo. Akifa, tunahitaji kupima ubongo wake kabla haujaoza, na kwa jua la kule tuna saa chache tu. Nawe mwenye mbwa kijijini, siku ya chanjo njoo na watoto wa mbwa pia. Kila mwaka wanaachwa nyumbani eti bado wadogo, na chanjo ya kichaa inawafaa hata wale wa chini ya miezi mitatu.