Saa ya kompyuta imerudi 2009? Acha kupiga Windows upya

"Fundi, nimepiga Windows mara mbili, kirusi hakitoki."

Wiki hii nimeisikia mara tatu. Ya jana ilikuwa desktopu ya ofisini: kila asubuhi ikiwashwa inadai ubonyeze F1, tarehe inasoma 1 Januari 2009, na brauza inalalamika kwamba tovuti si salama. Kirusi gani hicho? Brauza inakagua cheti cha tovuti, na kwa mashine inayoishi 2009, cheti cha mwaka huu bado hakijaanza kutumika.

Betri ndogo ya mazabodi (bodi kuu ya ndani), ile inayotunza saa mashine ikiwa imezimwa, imekufa, basi. CR2032, kile kidonge cha volti 3 (20 ni kipenyo kwa milimita, 32 ni unene wa 3.2). Chomoa waya wa umeme, sukuma kibanio, weka mpya upande wa + ukiangalia juu, ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka), weka tarehe. Saa inayotembea mashine ikiwa imezimwa iko kwenye mazabodi, kwa hiyo hata ukipiga Windows mara kumi huigusi. Betri kuukuu usiiache mezani, mtoto akiimeza ni hatari kubwa.

Sasa linalonikera zaidi. Siku hizi kuna waliosikia habari za betri, na wao kila kosa la saa ni betri. Kijana kaja na laptopu ya mtumba kutoka Uingereza, inachelewa masaa matatu.

"Dakika je, ziko sawa?"

"Dakika ziko sawa kabisa, kaka."

Basi betri haina kosa! Betri ikichoka inasahau tarehe nzima au inapoteza dakika ovyo ovyo. Haikai ikahesabu masaa matatu kamili. Hiyo mashine bado inadhani iko London. Na usitegemee iwe matatu siku zote: kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba Waingereza wanasogeza saa mbele, tofauti inabaki mawili, mtu anasema "imeanza kupona". Iliyotoka Dubai itakuwa mbele kwa saa moja. Ukirekebisha saa kwa mkono bila kubadilisha eneo la saa (time zone) kwenye mipangilio, ikionja intaneti tu inarudi kulekule. Chagua Nairobi. Ndiyo, Nairobi, Dar tumo humo humo, msinune.

Wenye Linux na Windows pamoja, yenu ni nyingine: Linux inaweka saa ya mazabodi kwa UTC (saa ya dunia, iliyo nyuma ya yetu kwa masaa matatu), Windows inaisoma kama saa ya hapa. Ukiingia Windows, masaa matatu nyuma, tena.

Nikiri jambo. Mita yangu hunidanganya. Betri inasoma volti 2.9, naiacha, baada ya wiki mteja amerudi. Ikipimwa bila mzigo inajikaza kama mgonjwa mbele ya daktari. Siku hizi mashine ikishazeeka nabadilisha tu, kwa kuhisi.

Yule kijana alikuwa ameshanunua betri mbili. Nilimbadilishia eneo bure, akaniuliza kama naweza kuzinunua.

Nimezichukua.