Mahari ni ya bibi harusi, kilemba ni cha baba

Mahari ni mali ambayo mume anampa mke anayemuoa, ikawa yake yeye mke. Neno limetoka kwenye Kiarabu, mahr, na Sura An-Nisaa aya ya 4 inaagiza wanawake wapewe mahari yao, wazazi hawakutajwa. Kwa hiyo ukisikia "baba mkwe kataka mahari milioni tatu, mkaja wa mama humo humo", ujue vitu vitatu vimetiwa chungu kimoja: mahari ya binti, kilemba cha baba na mkaja wa mama.

Posa nayo huingizwa humo, lakini posa ni ombi tu. Mshenga anapeleka barua, mara nyingi imefungwa kwenye kitambaa kipya na fedha kidogo ndani. Wakiridhia, anarudi na majibu pamoja na orodha ya vinavyotakiwa.

Orodha hiyo ndiyo inayowachanganya watu, maana juu yake kuna mahari na chini yake kuna ada za wazee, na ada hizo kila moja ina jina linalojieleza. Kilemba ni kile kile cha kichwani. Zamani fundi alipomaliza kumfunza kijana kazi alipewa kilemba, na baba wa binti naye hupewa chake kwa malezi. Mkaja ni kitambaa anachojifunga mwanamke tumboni baada ya kujifungua, ndiyo maana ni cha mama. Ubeleko pia ni wa mama: ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni, kutokana na kitenzi beleka. Siku hizi vyote ni bahasha, lakini majina bado yanasema nani analipwa na kwa kazi gani. Tumbo, mgongo, malezi. Mahari haimo kwenye hesabu hiyo hata kidogo. (Kifungua mlango hakiwahusu wazazi kabisa; hicho ni cha wanaomzuia bwana harusi mlangoni.)

Kwa nini kulitilia mkazo? Kwa sababu cheti cha ndoa kina nafasi ya mahari. Wakitaja milioni tatu kwa jumla, sheikh ataandika milioni tatu, hata kama bibi harusi alipata laki tano na nyingine zikagawanywa sebuleni. Wakiachana kabla ya kuingiliana, mume ana haki ya kurudishiwa nusu ya mahari iliyotajwa (Al-Baqara, 237): nusu ya ipi? Na mke akitaka kujivua kwa khului, yaani talaka anayoiomba mwenyewe, kwa kawaida hudaiwa arudishe mahari, na hapo atadaiwa fedha ambayo hakuishika.

Wanaojua mambo humuuliza binti kwanza. Atasema mwenyewe: msahafu, cherehani, kitanda, dhahabu, au fedha taslimu. Kinachotolewa siku hiyo na kinachobaki deni huandikwa mbali mbali, kwani deni la mahari ni deni kama deni jingine, na mume akifa hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa. Kilemba na mkaja huwekwa kwenye bahasha zake na havitajwi wakati wa kuozesha.

Ng'ombe wa bara ni mlango mwingine. Huko nako tunasema mahari, ila mali ile huenda kwa ukoo, na mara nyingi kaka wa binti huolea ng'ombe hao hao. Ni desturi yenye mantiki yake, imeazima jina tu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 haiivunji ndoa kwa sababu desturi ya mahari haikutimizwa. Ya Kenya ya 2014 inasema pale mahari inapohitajika kuthibitisha ndoa ya kimila, kiasi kidogo cha ishara kinatosha.

Basi mzee akisema mbele ya washenga "mahari yangu bado haijakamilika", asikatwe kauli. Aulizwe taratibu: "Mzee, kilichobaki ni kilemba chako, au ni cha mwanao?"