Intaneti ya akiba nyumbani: anza na umeme, laini ifuate

Wengi wanaofika kwenye dawati letu la TEHAMA hapa Mwanza kuulizia intaneti ya pili huwa wameshaamua wanachotaka: laini nyingine, basi. Sisi huwauliza kwanza: mtandao ulipokatika mara ya mwisho, taa za nyumbani zilikuwa zinawaka? Mara nyingi hazikuwa zinawaka. Faiba ilikuwa nzima nguzoni. Kilichozimika ni ruta pamoja na kile kiboksi cha faiba ukutani. Kwa tatizo hilo laini ya pili haisaidii kitu, maana nayo utaichomeka kwenye soketi zilezile.

Geuza ruta usome kibandiko chake. Nyingi zimeandikwa volti 12, ampea 1 au 1.5. Ruta na kiboksi cha faiba kwa pamoja vikila wati 15 hivi, betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7, ile ndogo inayofungwa kwenye ving'ora, ina wati-saa 84. Betri hizo za risasi hazipendi kunyonywa zaidi ya nusu, kwa hiyo hesabu saa mbili na nusu hivi. Madukani zipo pia UPS (betri za akiba) ndogo za lithiamu zilizotengenezwa kwa ajili ya ruta. Angalia volti kabla ya kuchomeka: kifaa cha volti 9 ukikipa 12 unaweza kukiunguza. Na kumbuka kukipa umeme kiboksi cha faiba pia. Tumekuta nyumba ambazo ruta inawaka vizuri, waifai imejaa, lakini intaneti hakuna, kwa sababu kiboksi kimelala.

Radi nayo ina lake. Eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa yale yanayopigwa na radi nyingi zaidi duniani. Uzi wa faiba wenyewe ni kioo, haupitishi umeme. Radi huingilia zaidi kwenye nyaya za TANESCO na za antena ya juu ya paa. Kizuia mshtuko wa umeme kwenye soketi ni bei ndogo kuliko ruta mpya, na mvua kubwa ikinyesha bado ni busara kuchomoa plagi.

Sasa laini. Ya akiba isipite njia moja na ile ya kwanza. Faiba ikitoka kampuni moja, chukua modemu ya 4G yenye laini ya kampuni nyingine. Mbili za faiba kwenye nguzo moja zitaangushwa na lori moja. Hata kampuni mbili za simu zinaweza kuwa zimepanga mnara mmoja, kwa hiyo usiridhike na kutofautisha majina tu.

Kuchagua kampuni, usiulize jirani. Mwanza ni mji wa mawe. Nyumba iliyojificha nyuma ya mwamba pale Bugando inaweza kukosa mtandao ambao mwenzako aliye mita hamsini juu yake anaufaidi. Chukua simu yenye laini ya kampuni unayoifikiria, ingia kwenye mipangilio ya Android, sehemu ya hali ya laini, usome nguvu ya mawimbi. Namba ni hasi: -85 ni nzuri, -110 ni ya kusuasua. Pima kila dirisha, kisha modemu ikae palipo bora, hata kama ni jikoni.

Kuziunganisha kunahitaji ruta yenye milango miwili ya kuingizia intaneti, au yenye tundu la USB linalokubali modemu. Iambie ihamie laini ya pili yenyewe ya kwanza ikifa, na ipime uhai kwa kuita anwani ya mbali, kwa mfano 8.8.8.8. Ikipima kiboksi cha ukutani tu, itaamini mambo ni shwari wakati faiba imekatwa huko Igoma. Kama modemu na ruta zote zinatumia anwani moja ya ndani, 192.168.1.1, badilisha moja iwe 192.168.8.1, la sivyo zitagongana. Zuia pia masasisho ya kompyuta na kamera za ulinzi zisipite kwenye laini ya akiba. Hizo humaliza bando kabla hujatuma barua pepe moja.

Kuna ukatikaji ambao mpango huu hauuwezi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na Tanzania ikayumba nchi nzima. Siku kama hiyo kampuni zote zinaweza kuathirika pamoja, hata ukiwa na laini tatu.

Ukishamaliza kufunga, jaribu mchana ukiwa na nafasi. Chomoa waya unaotoka kwenye kiboksi cha faiba kwenda kwenye ruta, ukae na saa: ndani ya dakika moja au mbili simu inapaswa kufungua ukurasa mpya. Rudisha waya, zima swichi kuu ya nyumba, uone betri inafika wapi. Rudia kila mwezi, maana laini isiyotumika muda mrefu huweza kufungwa na kampuni, na bando huisha muda wake likiwa halijaguswa.