Kupakua Redmine: Kwa Nini Nachukua Tawi, Sichukui Kifurushi

Wiki hii nimesimika Redmine kwenye seva ya ofisi ndogo ya wapima ardhi. Swali la kwanza lilikuwa lile ninaloulizwa kila mara: "Si tupakue tu zip tuifungue, kazi iishe?"

Inawezekana. Redmine ni programu huria ya kusimamia miradi, ilianzishwa na Jean-Philippe Lang mwaka 2006, na leseni yake ni GPL toleo la 2. Imeandikwa kwa Ruby, kwa hiyo kifurushi unachokipakua redmine.org ndicho msimbo chanzo wenyewe. Unaweza kufungua faili lolote na kulisoma. Ukichukua kifurushi, kikague kwa amri ya sha256sum, inayokokotoa alama ya utambulisho ya faili, kabla ya kukifungua, ulinganishe na herufi na tarakimu 64 zilizoandikwa kwenye ukurasa wa kupakulia. Ikitofautiana hata moja, kifute upakue upya.

Mimi nachukua tawi la toleo imara, yaani mkondo wa msimbo unaopokea marekebisho tu, moja kwa moja kutoka hazina ya Subversion (svn), mfumo unaotunza historia ya msimbo:

svn checkout https://svn.redmine.org/redmine/branches/6.0-stable

Nafanya hivyo kwa sababu ya siku ya kusasisha. Marekebisho ya usalama yakitoka, naandika svn update, kisha bundle install ili kusimika maktaba za Ruby zinazohitajika, kisha naubadilisha muundo wa hifadhidata uendane na toleo jipya kwa rake db:migrate. Nikitaka kujua ni mistari ipi niliyoigusa mwenyewe, svn diff inanionyesha yote. Trunk, yaani shina kuu la msimbo, iacheni, humo wasanidi bado wanajenga.

Somo hili nililipata kwa uchungu. Miaka ya nyuma, kwenye ofisi nyingine, tulisasisha kwa kifurushi: folda la zamani likafutwa, jipya likawekwa mahali pake. Hifadhidata ilikuwa salama, kazi zote zilionekana, hata majina ya viambatisho yalikuwepo. Ukibofya kiambatisho, hakuna kitu. Redmine huweka kwenye hifadhidata jina na maelezo ya kiambatisho tu. Faili lenyewe hukaa kwenye folda liitwalo files, ndani ya folda lile lile tulilolifuta. Ramani na mikataba iliyotiwa saini ilipotea, na baadhi haikupatikana tena. Tangu siku hiyo nakala yangu ya akiba lazima iwe na vitu vitatu: hifadhidata, folda la files, na folda la config lenye mipangilio.

Kabla hujaifungulia seva mlango wa intaneti, badilisha nenosiri. Jina la mtumiaji la kuanzia ni admin na nenosiri lake ni admin, na kila mtu anajua hivyo.

Kinachonifurahisha zaidi kwenye msimbo huu ni folda la config/locales. Kila lugha ina faili lake la maandishi ya kawaida. Nilinakili en.yml nikaliita sw.yml, nikabadilisha neno la juu kabisa kutoka en kuwa sw, nikaandika Kiswahili kwenye general_lang_name, panapowekwa jina la lugha, nikaiwasha upya programu. Lugha yetu ikajitokeza kwenye orodha. Maneno ambayo hatujayatafsiri yanabaki kwa Kiingereza bila kuvunja chochote, kwa hiyo tunatafsiri kidogo kidogo kila Ijumaa jioni. "Issue", yaani kazi au tatizo lililoandikwa kwenye mfumo, tumekubaliana iwe "suala". Kwa "tracker", inayoainisha masuala hayo, wengine wanataka "aina", wengine "kundi", na Ijumaa ijayo tunaendelea.